Frasila ya Sultani Shaibu

Hapo zamani, siku ambazo neno la mtawala lilienea mjini upesi kuliko moshi wa jikoni, palikuwa na mji uitwao Shakwe, na mwisho wa mji huo, penye vibanda vya makuti, alikaa mshona mikeka jina lake Vuai. Hakuwa na shamba wala mfugo, na alichokula leo kilikuwa kimetoka katika mkeka alioushona jana. Watu walimwita punguani, kwa sababu aliyachukua maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia, "Nisubiri hapa, naja sasa hivi," ungemkuta palepale alasiri, hana hasira, anasuka ukili wake. Wakamcheka, naye akawaacha wacheke, maana alijua ni nani kati yao na yeye aliyekuwa amesema uongo.

Mtu mmoja tu hakumwita punguani, naye ni mkewe, Bi Mize. Na Bi Mize alikuwa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa homa ya siku tatu, na Ijumaa iliyokuwa ikija ilikuwa arobaini yake.

Vuai hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alisali, akashona, akaweka akiba. Kwa ajili ya hitima alikuwa amekusanya pishi mbili za mchele, akazifunga katika kanga ya marehemu, na alikuwa amempelekea mchinjaji Ngwali mikeka miwili mizuri, wakaagana kuwa Ijumaa asubuhi Ngwali atampa mkono mzima wa ng'ombe. Alitaka wale watakaokuja kumsomea mkewe wasitoke na njaa, kwa kuwa katika uhai wake hapana aliyetoka mlangoni kwa Bi Mize na njaa. Haja yake katika dunia hii, kwa juma lile, ilikuwa hiyo tu.

Tena Bi Mize alikuwa mjuzi wa nyama. Hakuwahi kuuliza iko kiasi gani. Alikuwa akiibonyeza kwa kidole gumba, akangoja. Ikiinuka, atanunua. Shimo likijaa maji, ataondoka bila kuaga. Na akifika nyumbani huipika kwa chumvi peke yake, chungu kimefunikwa, kisha huiteka kwa upawa wake wa kifuu, huku akihesabu, upawa wa kwanza, upawa wa pili. Siku moja Vuai alimwuliza, "Mke wangu, kwani haikupimwa sokoni?" Naye akamjibu, "Sokoni wamempima ng'ombe, bwana. Nyama naipima mimi hapa."

Basi huyo ndiye Vuai. Sasa tumtazame Sultani.

Sultani wa Shakwe aliitwa Shaibu, na Mwenyezi Mungu alikuwa amemjaalia kila kitu isipokuwa tabia ya kuuliza. Alipenda vitu vikubwa. Kilemba chake kilikuwa kikubwa, sauti yake kubwa, na mlango wake ulikuwa mkubwa hata bawabu alichoka kuufungua. Na waziri wake, Kirobo, alikuwa mtu aliyeweza kusema "naam" kwa namna kumi na mbili, na hakuwa na elimu nyingine.

Ikawa siku hizo akafika mfanyabiashara kutoka bara na ng'ombe ishirini. Wametembea siku nyingi, mbavu zao zinahesabika, na mwenyewe ana haraka ya kurudi kabla ya masika. Akamwendea Waziri Kirobo, akamwambia, "Chukueni wote kwa jumla, nami nitawauzia kwa mizani, kila frasila kwa nusu ya bei. Ila watapimwa wazima wazima, pamoja na ngozi na tumbo." Kirobo hakumwuliza kwa nini. Alikimbia kwa Sultani kilemba kimemkaa upande, akasema, "Bwana mkubwa, tumepata! Ni kama kuokota!"

Usiku mmoja kabla ya kupimwa, mfanyabiashara aliwalambisha wale ng'ombe chumvi, kisha akawafikisha kisimani, wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Jumatatu wakachinjwa, wakatundikwa kwenye mizani kubwa ya bandarini, na kila mmoja alipovuta mizani chini Sultani alipiga makofi. Mfanyabiashara akapokea malipo yake, akaaga kwa adabu nyingi, akaenda zake. Malenga wa ikulu akatunga beti ishirini, ubeti mmoja kwa kila ng'ombe, za kusifu werevu wa bwana wake.

Ilipofika jioni yakatokea mambo mawili. La kwanza, nyama ilikuwa nyingi kuliko matumbo ya ikulu. La pili, ilikuwa ikipungua uzito, kwa kuwa ilitoka maji. Kirobo akapata fikira. Akaamuru nyama inyunyiziwe maji asubuhi na jioni ili uzito urudi, na akapiga marufuku matumbo kuoshwa, kwa sababu, alisema, "Kilichomo ndani nacho tumekinunua kwa mizani. Nani atupe mali ya Sultani?"

Na asubuhi ya Jumanne mpiga mbiu akazunguka mjini: kila nyumba ilete ikulu pishi mbili za mchele, ipokee frasila moja ya nyama ya Sultani, bei ya huruma. Na mpaka nyama hiyo iishe, mchinjaji yeyote atakayechinja atafungwa.

Vuai alisikia mbiu akiwa mlangoni, ukili mkononi. Shemeji yake, Bi Jokha, dada wa marehemu, alikuwa ndani akifagia. Akatoka na ufagio.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia."

"Pishi mbili! Ndizo hizohizo za dada yangu. Na Ngwali hatachinja. Utafanya nini?"

"Wamesema zipelekwe ikulu," alisema Vuai. "Nitazipeleka."

"Wallahi watu wana haki wanapokuita walivyokuita," Bi Jokha akasema, kisha akaona haya, akamfungia vizuri lile furushi la kanga.

Vuai akafika barazani. Sultani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mbele yake limetandikwa zulia jekundu, na mizani imeletwa hapohapo ili auone ukarimu wake ukipimwa. Mchele wa Vuai ukamwagwa katika ghala pamoja na michele mingine. Kisha likajazwa kapu: kipande cha ubavu, kwato mbili, kipande cha ngozi na manyoya yake, kipande kikubwa cha tumbo limefungwa kwa kamba pamoja na vilivyomo, na juu yake nyama, nyekundu, inang'aa kwa maji. Likapimwa: frasila kamili. Likawekwa juu ya zulia.

Vuai akachutama. Akaibonyeza ile nyama kwa kidole gumba, akangoja. Shimo likajaa maji. Akainama karibu zaidi, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Wewe!" Sultani akanguruma. "Wafanya nini?"

"Namngoja, bwana mkubwa."

"Wamngoja nani?"

"Ng'ombe. Naona hajamaliza kunywa."

Askari mmoja akacheka, kisha akajifanya amekohoa. Uso wa Sultani ukawa mwekundu kama zulia. Kirobo akaruka, akasema, "Bwana, huyu ndiye punguani wa mikeka. Anaitukana frasila yako!"

"Sikuitukana," alisema Vuai. "Nimeuliza tu ni frasila ya nini."

"Ya nyama!" Sultani akasema. "Frasila nzima ya nyama, nusu ya bei, na watu kama nyinyi mnapewa mkakunja pua! Haya, sikiliza, nami naapa mbele ya baraza hili. Chukua kapu hilo ukalipike. Kesho adhuhuri uniletee hapa frasila hiyohiyo, yote imeiva, tuile mimi na watu wangu. Tutaipima kwa mizani hii. Ikitimia, niombe utakalo nitakupa. Ikipungua hata ukucha, wewe ni mwizi umeniibia nyama yangu. Mchele wako umepotea, na Ijumaa haitakukuta ndani ya mji huu."

Hata malenga alijua kuwa nyama ikipikwa hupungua. Kirobo pia alijua, ndiyo sababu alitabasamu.

"Bwana mkubwa amesema frasila hiyohiyo," alisema Vuai taratibu, "yote, iive, ipimwe, iliwe na bwana na watu wake."

"Ndivyo nilivyosema."

"Nami nimesikia." Akajitwika kapu. Alipoondoka, pale lilipokuwa kapu pakabaki dimbwi jekundu juu ya zulia, na nzi wawili wakashuka kulitazama.

Alipofika nyumbani Bi Jokha alilichungulia lile kapu akarudi nyuma, mkono puani. "Na hii ndiyo ya kumsomea Mize?"

"Hii si ya Mize. Hii ni ya Sultani. Nipatie vyungu, shemeji, na kile kibovu kilichotupwa nyuma ya nyumba usikisahau. Kitatumika, kisha tukivunje."

Akaketi, akasema bismillahi, akaanza kutenga. Aliifanya kazi ile kama alivyoshona mkeka, bila haraka. Nyama akaikata mfupani mpaka mfupa ukawa mweupe. Mifupa na kwato akaviweka mbali, na ngozi na mishipa mbali. Tumbo akalifungua, akakung'uta vilivyomo katika kile chungu kibovu, na lenyewe akalitia humohumo, na hapo Bi Jokha akatoka nje. Nyama akaitia chunguni bila tone la maji. Akafunika, akazungusha kinyunga cha unga pembeni ili mvuke usitoroke, akawasha moto mdogo. Unga ule aliupima kwanza kwa kiganja, ili asije akamwongezea Sultani kitu kisicho chake.

Alipofunua, chungu kilikuwa kimejaa maji mpaka shingoni, na nyama iko chini kabisa, imejikunja, kama watu waliojificha. Akachuja maji. Akachukua upawa wa kifuu uliokuwa umetundikwa ukutani kwa siku thelathini na saba bila kuguswa. Aliushika kwa muda. Kisha akateka. Upawa wa kwanza. Upawa wa pili, nao haukujaa.

Bi Jokha, aliyekuwa amerudi, aliuliza, "Mkono wa ng'ombe wa Ngwali, Mize alikuwa akiteka mara ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Vuai. "Na mara moja kumi na mbili, sikukuu ile."

Akarudi kuivisha vyungu vingine, navyo vimefunikwa vilevile, mpaka kazi ilipokwisha.

Kesho yake adhuhuri, baada ya sala, Vuai akaingia barazani na mkokoteni wa kuazima, na juu yake vyombo vitano vimefunikwa kwa majani ya mgomba. Sultani alikuwa ameshakaa. Waziri Kirobo alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu, ana njaa. Malenga alikuwa na beti mpya. Na mlangoni alisimama bawabu, mzee Tawakali, ambaye hajaalikwa kula barazani maisha yake yote.

"Pima kwanza!" akasema Kirobo.

Vyombo vikapimwa kimoja kimoja, vikaondolewa uzito wa vyungu vyenyewe. Mizani ikapanda, ikapanda, ikakaribia kukaa sawa, ikasimama. Ilipungua kiasi cha kiganja kimoja.

"Imepungua!" Kirobo akapiga kelele, akawageukia watu. "Mwizi! Mwizi huyu, mmeona wenyewe! Amekula njiani!"

"Imepungua kweli," alisema Vuai. "Bwana mkubwa, sogeza miguu yako kidogo."

Sultani, kwa mshangao, akaisogeza. Pale chini, kwenye zulia, palikuwa na doa lililokauka, jeusi, na nzi sasa walikuwa jamaa nzima.

"Kilichopungua ni hicho. Jana kilishuka kapuni mbele ya macho ya baraza zima, nikakiacha, kwa sababu ni mali ya Sultani na kiko nyumbani kwa Sultani. Waziri akitaka tukipime, na likatwe zulia."

Sultani alilitazama lile doa, akaitazama mizani, na kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya watu, akasema kwa shida, "Imetimia. Haya, tule."

"Tule, bwana," alisema Vuai. "Nami nitaandaa kwa heshima, kila mtu kwa cheo chake. Chombo kikubwa kwa mkubwa, na kinachofuata kwa anayefuata, mpaka kwa mdogo wetu."

"Hiyo ndiyo adabu!" Sultani akasema, na uso wake ukaanza kukunjuka, kwani alipenda vyombo vikubwa.

Basi Vuai akachukua beseni kubwa kuliko yote, limejaa mpaka ukingoni, akaliweka mbele ya Sultani kwa mikono miwili, akaondoa jani. Yalikuwa maji. Maji ya rangi ya kutu, na povu limeganda juu.

"Nini hiki?"

"Nyama yako, bwana. Karibu nusu ya frasila. Ni ile ng'ombe aliyoinywa kisimani, na ile Waziri aliyoinyunyiza asubuhi na jioni."

Kabla Sultani hajajibu, chungu cha pili, kibovu, chenye ufa, kilikuwa kimewekwa mbele ya Waziri. Vuai akaondoa jani, na kwa adabu akageuza uso pembeni. Harufu haikuwa na adabu hiyo. Baraza zima likarudi nyuma hatua tatu.

"Hili ni tumbo na vilivyokuwamo," alisema Vuai. "Vimeiva sana, maana bwana mkubwa alisema yote iive. Wewe, Waziri, ulikataza visioshwe, ukasema ni mali. Basi mali hiyo. Karibu."

"Astaghfirullah!" akasema Kirobo, kilemba kimemshuka machoni. "Hii ni najisi!"

"Jana ilikuwa bei ya huruma."

Mbele ya malenga akaweka mifupa na kwato. "Zihesabu, malenga, upate vina." Mbele ya mkuu wa askari akaweka ngozi na mishipa, manyoya yakiwa yamelegea kwa kuchemshwa. Kikabaki chombo cha tano, kibakuli kidogo cha kunywea uji. Vuai akalipita baraza lote, akaenda nacho mlangoni, akampa mzee Tawakali.

Bawabu akafunua. Ilikuwa nyama. Akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe, akatia tonge moja mdomoni, kisha la pili, na la tatu lilipoisha kibakuli kilikuwa kitupu.

"Vipi, Tawakali?" Sultani akauliza, na sauti yake siku hiyo haikuwa kubwa.

"Si mbaya, bwana," alisema bawabu akijifuta ndevu. "Lakini kumbe imekwisha."

Hapo yule askari wa jana akacheka, na safari hii hakukohoa. Akafuatwa na mwenzake, kisha baraza lote, hata waliokula viapo vya utii. Sultani hakucheka. Alilitazama beseni, akaiona sura yake katika maji yale, na kilemba chake kikubwa kimeelea juu ya povu.

"Vuai," akasema mwisho. "Niambie kweli. Nilinunua rahisi au ghali?"

"Bwana mkubwa, mimi sijui bei. Najua upawa wa mke wangu. Kwa mikeka miwili, Ngwali hunipa nyama ya pawa kumi na moja. Kwa pishi zangu mbili za mchele, wewe umenipa upawa mmoja na nusu, na taabu ya kuipika, na chungu kimoja cha kuvunja. Umenunua ng'ombe ishirini ukawalisha watu maji waliyonayo bure kisimani. Hata yule wa bara hakukuibia. Alimwambia Waziri wako kwa mdomo wake, na mji mzima unajua: ngozi na tumbo. Nyinyi ndio mliokuwa hamsikii, kwa furaha."

Sultani akainamisha kichwa. "Niliapa. Omba utakalo."

Watu wakadhani ataomba nyumba au ng'ombe. Vuai akasema, "Mchele wa watu urudi kwa wenyewe. Ngwali achinje. Na Ijumaa, baada ya sala, uje wewe na baraza lako kumsomea mke wangu hitima."

"Ni hayo tu?"

"Tumbo la ng'ombe wa Ijumaa litahitaji kuoshwa," alisema Vuai akifikiri. "Bi Jokha hana nguvu. Labda Waziri."

Ikawa hivyo. Alfajiri ya Ijumaa waliokwenda kisimani walimkuta Waziri Kirobo amekunja kanzu mpaka magotini, anaosha tumbo kwa mchanga na ndimu, na Bi Jokha amesimama juu yake na ufagio. "Huko ndani pia, Waziri. Pindua. Hapo bado. Usituachie mali ya Sultani."

Na baada ya sala ya Ijumaa kibanda cha Vuai kikajaa, wengine wakakaa nje juu ya mikeka. Wakasoma mpaka wakatia dua, wakamwombea Bi Mize kaburi lenye nuru na nafasi. Sultani alikaa sakafuni kati ya bawabu wake na mchinjaji, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Kisha wali ukaletwa, na Vuai alikuwa ameuteka mwenyewe kwa ule upawa wa kifuu. Watoto mayatima walipewa sinia kubwa, wapita njia wakapewa sinia kubwa, na Sultani Shaibu akapewa kisahani kidogo, chenye wali kidogo na pande moja la nyama.

Watu wakatazama atafanya nini.

Sultani akakitazama kile kisahani. Akanyoosha mkono, akalibonyeza lile pande kwa kidole gumba, akangoja. Nyama ikainuka.

"Alhamdulillahi," akasema, akala.

Vuai, aliyekuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, alikiona kidole kile. Akageuka upande wa ukuta, na kwa mara ya kwanza katika siku arobaini machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Na huko Shakwe, tangu siku ile, mtu akiwaitia watu kitu kingi kwa bei ndogo, hawamjibu. Hunyoosha kidole gumba, wakamngoja.